Kijana wangu ana usonji na hosteli inamshinda: nimtoe au abaki?

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Kifungua mimba wangu ana miaka 21 na ana usonji (autism). Daktari alilithibitisha hilo akiwa darasa la nne. Amesoma shule za kutwa tu, kuanzia msingi hadi kidato cha sita, na kwa upande wa masomo hajawahi kunisumbua. Mwaka huu amepata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam, anasoma takwimu, na amepangiwa hosteli. Tulishangilia nyumba nzima.

Sasa ni wiki ya tano na silali. Chumba chao kina dabo deka mbili, wanatakiwa kuwa wanne, ila mmoja amembeba rafiki yake aliyekosa chumba, kwa hiyo wako watano. Mwanangu analala kitanda cha chini karibu na mlango. Wenzake wanakikalia mchana kutwa, wanakula juu yake, taa inawaka hadi saa nane usiku na sabufa hainyamazi. Wao nao wanalalamika kwamba ana maringo: anaingia hasalimii, hali nao, akiulizwa kitu anajibu neno moja. Lakini mtu akigusia habari za mabasi na treni, ambazo ndizo mapenzi yake, anaongea saa nzima hata kama wenzake wanataka kulala.

Juma lililopita mmoja wao alifagia chumba akahamisha vitu vya mwanangu vya mezani. Aliporudi alipiga mayowe, akaziba masikio, akawa anagonga kichwa ukutani. Wenzake watatu wakamshika kwa nguvu, mmoja akaanza kukemea mapepo, mwingine akasema lazima amevuta kitu. Msimamizi wa hosteli akanipigia simu nikamchukue "mpaka atakapokuwa sawa". Tangu siku hiyo mwanangu haendi kafeteria, anakula biskuti na maziwa, na ameshakosa mihadhara miwili.

Kuna mwenzake mmoja anaonekana mpole. Nilipata namba yake, nikamtumia shilingi 30,000 nikamwomba awe ananipa taarifa za mwanangu kila siku. Mwanangu hajui.

Naomba unisaidie. Wenzake waambiwe kuwa ana usonji, au tunyamaze? Baba yake anataka tumpangie geto akae peke yake, ni sawa? Na je, nihamie Dar nikae naye walau hadi mitihani ya UE, ile ya mwisho wa muhula, iishe?

Mama Mzazi, Morogoro

JIBU

Mama, pole sana kwa wiki hizi tano. Nianze na lililo la haraka: usiende kumchukua. Akitolewa sasa ataondoka akiamini kwamba chuo hakimtaki, na kumrudisha baada ya hapo kutakuwa kazi kubwa kuliko ya kumsaidia akiwa palepale. Msimamizi wa hosteli atajibiwa, tena kwa maandishi. Nitalifikia hilo.

Kilichompata mwanao juma lile si mapepo, si bangi, wala si utovu wa adabu. Alizidiwa. Mtu mwenye usonji mara nyingi hapati ule utulivu ambao wengine wanaupata bila kujua, wa ubongo kuziweka pembeni kelele, mwanga, harufu na miguso isiyo na kazi. Kwake vyote vinaingia kwa nguvu ileile na vinalimbikizana kutwa nzima. Jambo hili halikutungwa na wazazi wenye huruma: DSM-5, mwongozo ambao madaktari wa akili wanautumia katika utambuzi, uliliingiza rasmi katika vigezo vya usonji mwaka 2013. Sasa mfikirie kijana ambaye kwa zaidi ya mwezi taa inazimwa saa nane usiku, katika chumba cha watu watano, na kitanda chake ndicho kibaraza cha wote. Meza ile ndiyo ilikuwa sehemu pekee ya chumba ambayo alijua ataikuta vilevile alivyoiacha. Ilipovurugwa hakubaki na pa kushika. Kisha akashikwa na watu watatu, na kumshika mtu aliyefika hapo ni kumwongezea kilekile kilichomzidi.

Kwa hiyo hatuanzi kwa kumfundisha kuchangamka na watu. Tunaanza na usingizi, kwa sababu kijana asiyelala hawezi kujifunza lolote kati ya yale mengine.

Hosteli zetu kitanda cha chini ni mali ya umma. Anayeingia anakaa, anayekula anakaa, anayesubiri simu ichajiwe anakaa, na hakuna anayeona kuwa amekosea. Mwombe mwanao, au muombe naye, abadilishane na mtu wa juu, upande wa ndani mbali na mlango. Kitanda cha juu hakuna anayekikalia. Kina kasoro zake: joto linapanda, taa inakuwa karibu na uso, na aliye chini akigeuka wote mnatikisika. Lakini kwa mtu anayeumia akikuta shuka lake limekaliwa, cha juu kinashinda. Isipokuwa kama anaanguka kifafa, na kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Kama ana historia hiyo, cha juu ni hatari; abaki chini, kona ya ndani.

Chini au juu, awe na pazia. Chukua vitenge viwili vizito vya rangi ya giza. Khanga ni nyepesi, inapitisha mwanga. Kwa kitanda cha chini, ukingo wa kitenge unachomekwa chini ya godoro la juu, kimoja upande wa chumba, kingine miguuni. Kwa cha juu funga kamba ya kuanikia nguo kutoka nguzo hadi nguzo, au kwenye dari au ukuta vikiruhusu. Acha uwazi wa kiganja kimoja ili upepo wa feni upite, la sivyo kwa joto la Dar atalirarua siku ya pili. Neti asiiache, malaria ipo, ila nunua ya mraba inayofungwa pembe nne. Ile ya duara inaning'inia katikati na kumwangukia usoni na mikononi usiku, na kwa mwenye ngozi inayohisi sana hilo peke yake linatosha kumnyima usingizi. Neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini saa 24 kabla hajaitumia, harufu ipungue. Juani hapana, jua linaua dawa.

Masikio yanahitaji vizibo vya sponji. Vinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa na yanayouza vifaa vya usalama kazini, na bei yake si ya kutisha. Wengi wanasema havifanyi kazi kwa sababu wanavisukuma tu kwa kidole. Mwonyeshe hivi: anawe mikono, akiviringishe kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, aingize, kisha akishikilie kwa sekunde 30 kitanuke. Sauti yake mwenyewe ikianza kusikika nzito kichwani, kimekaa. Vitapunguza mazungumzo na vishindo vya korido. Besi ya sabufa havitaizuia, maana besi inapita kwenye fremu ya kitanda na mifupa ya mwili, na ndiyo sababu sabufa inahitaji makubaliano, si kifaa. Zile hedifoni za bei kubwa za kufuta kelele ni hodari kwa mvumo usiobadilika kama wa feni au jenereta. Kwa sauti za watu zina udhaifu wake, kwa hiyo usikimbilie kukopa kwa ajili yake. Na akivaa vizibo hatasikia alamu. Simu iwekwe kwenye mtetemo, ndani ya foronya.

Sasa wenzake. Unauliza waambiwe au msiseme. Mwenye uamuzi huo ni yeye. Ana miaka 21, na habari za mwili wake si zetu kuzigawa. Ila maoni yangu, ambayo unaweza kumfikishia, ni kwamba baada ya tukio lile kunyamaza hakumlindi tena. Wale vijana waliona jambo lililowatisha, na tayari wamelijaza maelezo yao wenyewe: mmoja mapepo, mwingine bangi. Maelezo ya kweli yatamfaa kuliko hayo. Tukio lisingetokea, ningesema aanze kwa kutaja mahitaji tu bila jina la hali yake: "mimi nikikosa usingizi naumwa, tuzime taa mapema."

Aandike, asisimame kusema. Ujumbe kwenye grupu la chumba unampa muda wa kupanga maneno na unawapa wenzake muda wa kusoma bila kulazimika kujibu hapohapo. Mfano wa kuanzia, aubadilishe awezavyo:

"Wazee, naomba niwaambie kitu. Nina usonji. Ndivyo ubongo wangu ulivyo tangu nizaliwe, hauambukizi na sijavuta kitu. Kelele nyingi, taa kali na kuguswa ghafla vinanichosha sana. Nikiwa kimya sijanuna. Juma lile nilizidiwa, samahani kama niliwatisha. Ikitokea tena: zimeni muziki na taa kubwa, msinishike, abaki mtu mmoja tu. Itapita yenyewe. Mkitaka kujua kitu niulizeni moja kwa moja, sichukii."

Mkiandika, msiongeze sentensi za kuwaombea huruma. Wenzake wanahitaji kujua wafanye nini, basi.

Ujumbe ukishasomwa, ndani ya siku mbili tatu wakae waandike makubaliano ya chumba, ukurasa mmoja, ubandikwe nyuma ya mlango. Kila mmoja aweke lake. Yakiwa ni masharti ya mwanao peke yake yatachanwa kabla ya Jumapili, lakini nakuhakikishia hao wengine nao wana kero zao, za vyombo visivyooshwa na mafuta ya kupaka yanayokwisha bila kuaga. Kitu kimoja msikikosee: kila kipengele kiwe na saa au idadi. "Tusipige muziki usiku sana" kwake hakina maana, na kwa wenzake kina maana tano tofauti. "Sabufa inazimwa saa tatu usiku, baada ya hapo kila mtu na spika zake za masikioni" kinaeleweka. Taa kubwa, saa tano usiku kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Anayetaka kuendelea kusoma awashe taa ya mezani au aende kimbweta, zile meza za nje za kujisomea. Kitanda cha mtu hakikaliwi bila kuuliza. Mgeni anatangazwa kwenye grupu saa moja kabla. Anayefagia hagusi meza. Kila mwenye meza anafuta yake mwenyewe, tuseme Jumamosi asubuhi, na mwanao pia anashika fagio zamu yake ikifika.

Hapa kuna tatizo ambalo wazazi wengi hawaliwazii. Makubaliano yakishaandikwa, kijana wenu anaweza kugeuka askari wa chumba. Saa tano na dakika tatu atamzimia mtu taa akiwa katikati ya sentensi, na atakuwa na haki kwa mujibu wa karatasi, na atachukiwa. Hafanyi hivyo kwa ukorofi. Kanuni kwake ni kanuni. Kwa hiyo uvumilivu wenyewe uandikwe: kuna dakika 15 za nyongeza, zikipita mtu anakumbusha mara moja kwenye grupu, na hakuna anayezima kitu cha mwenzake kwa mkono wake. Wiki ya mitihani na siku za mechi kubwa ziwe na utaratibu wao, uliotajwa mapema.

Yule anayebebwa ni suala nyeti. Najua ni kinyume cha taratibu za hosteli, lakini nisingeanza kwa kumripoti. Mwanao ataitwa mnoko jengo zima, na kijana mwingine atalala nje. Aulizwe mwenyeji wake: mgeni anakaa hadi lini, na usiku gani analala hapo? Mwanao anaumizwa zaidi na kutojua kuliko na idadi ya watu. Akijua kuwa Jumatatu hadi Alhamisi wako watano na wikiendi wanne, atajipanga. Chuo kikiuliza, msidanganye.

Malalamiko ya wenzake yapewe haki yake pia. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wengine kuna pande mbili: nao hawamsomi yeye vizuri kama yeye asivyowasoma. Kwetu kuingia chumbani bila salamu ni tusi kamili, na wale vijana wamelelewa hivyo. Mwanao asilazimishwe maneno mengi. Wakubaliane kwamba akiingia ananyanyua mkono, na huo mkono ni salamu iliyotimia. Wakimkaribisha chakula naye hataki, ana jibu moja la kudumu: "Asante, nimeshakula, endeleeni." Akariri jibu hilo kabisa. Akikaa kimya, au akijibu "sipendi huo wali", ndipo yanapozaliwa yale ya maringo. Kuhusu mabasi, wasimpigie miayo wakitarajia ataelewa, wala wasimcheke. Wamwambie wazi: "Kaka, tuishie hapo, kesho utaendelea." Neno hilo likiwa limekubaliwa mapema halimuumizi. Na mtafutie pa kuyamalizia: kijana anayejua ratiba zote za mabasi ya mikoani na anayesoma takwimu ana mengi ya kuzungumza na wenzake wa kozi kuliko wa chumba.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni pesa. Boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, wakopaji wanaamka. Anayechukua maneno kama yalivyosemwa ataamini "nitakurudishia kesho" mara kumi mfululizo. Mpe kanuni isiyohitaji kumsoma mtu usoni: hakopeshi zaidi ya 5,000, hakopeshi mara ya pili kabla ya ya kwanza kurudi, na namba ya siri ya kadi au ya simu haijui mtu yeyote.

Siku ya kuzidiwa ikija tena, na huenda ikaja, wenzake wafanye machache. Muziki uzimwe, taa kubwa izimwe, mlango urudishwe ili korido isije kutazama. Wote watoke isipokuwa mmoja, ambaye naye anakaa chini mbali kidogo na hasemi, au anasema sentensi moja tu, "nipo hapa, uko salama", kisha ananyamaza. Akigonga kichwa, wasimvute. Waweke mto kati ya kichwa na ukuta. Kumshika ni pale tu anapoelekea kwenye hatari kama dirisha au ngazi. Inaweza kuchukua dakika 20, inaweza kuchukua saa. Baada yake atakuwa amechoka kama aliyetoka homani. Apewe maji, alale, na asihojiwe hadi kesho yake. Kichwa kikiwa kimegongwa kwa nguvu kisha akatapika, akachanganyikiwa au kupoteza fahamu, au degedege likipita dakika tano, ni hospitali, hakuna kusubiri.

Bora zaidi ni kutofika huko. Wewe unazijua dalili zake za mwanzo: labda anatembea huku na huko, labda anarudia neno moja, labda ananyamaza ghafla. Ziandikeni pamoja, na achague mahali pawili pa kukimbilia, kimoja cha mchana na kingine cha usiku, karibu na hosteli, penye mwanga hafifu na watu wachache. Darasa lisilo na kipindi linafaa, msikiti au kanisa nje ya saa za ibada linafaa, kimbweta cha pembezoni kinafaa kama si msimu wa mitihani. Anapoondoka aandike alama moja kwenye grupu, nukta tu, wenzake wajue ametoka kupumzika wasimfuate.

Chakula sasa. Biskuti na maziwa si deko. Kafeteria saa saba mchana ni kelele za sahani, mvuke, harufu kumi na foleni inayokusukuma mgongoni, na kijana aliyezidiwa juzi hatapakaribia. Aende saa tano na nusu, mara tu chakula kinapotoka, au achukue kwenye kontena akale anapopajua. Njia nyingine ni mama ntilie mmoja, yuleyule, alipwe kwa wiki, awe anajua kwamba mchuzi unawekwa kwenye kibakuli chake na haumwagwi juu ya wali. Kwa wengi wenye usonji tatizo ni namna chakula kinavyohisi mdomoni, na vyakula viwili vikichanganyika kimoja hakiliki tena. Sandukuni awe na akiba ya siku tatu ya vitu anavyokula kila wakati: karanga, mkate, ndizi, maziwa ya pakiti. Bafuni naye achague saa isiyo na foleni, baada ya saa tatu asubuhi siku asizo na kipindi cha mapema, na ndoo ya maji iwe imejazwa tangu jioni, kwa sababu maji yakikatika ratiba yake yote inavurugika.

Wale CR, yaani viongozi wa darasa, wanaotangaza mabadiliko ya vipindi kwenye grupu la darasa katikati ya vichekesho mia mbili: mwanao amwombe mmoja amtumie mabadiliko ya ukumbi na saa moja kwa moja. Inawezekana mojawapo ya mihadhara aliyokosa ilihamishwa tu.

Ile 30,000, mama, iishe leo. Ulitumia kwa uchungu na ninauelewa, lakini umemfanya kijana wa watu mlinzi wa kulipwa, na mwanao akigundua, na chumba cha watu watano hakifichi siri, atakosa imani na wewe na pia na kijana huyo kwa mpigo. Mpigie yule kijana, mshukuru, mwambie pesa ni yake lakini taarifa hutaki tena. Kisha mwambie mwanao ukweli wewe mwenyewe. Badala yake panga naye simu za saa maalumu, Jumanne, Ijumaa na Jumapili saa mbili usiku, na siku nyingine anakutumia namba moja tu jioni: 1 siku mbaya sana, 5 siku nzuri. Namba haichoshi kuandika, na baada ya wiki mbili utaona siku zipi zinamwangusha.

Kwa upande wa chuo, simu haitoshi. Andikeni barua kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa msimamizi wa hosteli, aisaini mwanao mwenyewe, iambatanishwe na nakala ya ripoti ya daktari. Kama ripoti ni ile ya darasa la nne, tafuteni mpya hospitali ya rufaa. Ya zamani itaulizwa maswali. Barua isiombe "msaada", iombe vitu vinavyotajika: kitanda cha juu upande wa ndani au chumba cha watu wawili kikipatikana, chumba kisiwe jirani na choo wala ngazi, jina la mtumishi mmoja wa kuwasiliana naye, na mpangilio wa mitihani ya UE, kama kukaa mbele pembeni au katika chumba chenye watu wachache. Hilo la mitihani liombwe sasa, ratiba ikishabandikwa watasema wamechelewa kujulishwa. Tajeni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 24 inataka marekebisho yanayofaa hadi elimu ya juu. Tajeni kwa upole, aya moja. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Msimamizi akipiga tena kusema mkamchukue, mwambieni kwa heshima aandike, aeleze mwanao amevunja kanuni ipi.

Geto nisingelikimbilia muhula huu. Baba yake anaona ukimya, na ukimya ni kitu cha kweli, lakini geto lina mambo yake: kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, LUKU inayokata usiku, maji ya kununua, mwenye nyumba, daladala asubuhi na jioni, na baa ya jirani ambayo haina makubaliano ya mlangoni. Zaidi ya yote, kijana anayesahau kula akiwa peke yake hana wa kugundua. Ipe hosteli hii wiki sita baada ya kitanda kuhamishwa na makubaliano kuandikwa. Zikiisha bado analala chini ya saa tano, anakonda, au mihadhara anaendelea kuikosa, basi tafuteni chumba cha kufikika kwa miguu, na ahamie wakati wa likizo, si katikati ya masomo.

Na wewe usihamie Dar. Njoo Jumamosi moja, mfunge mapazia na neti, mwonje pamoja chakula cha mama ntilie, msome barua, urudi Morogoro jioni. Jambo moja tu litabadilisha ushauri huu: akianza kusema hataki kuishi, au akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, au akigawa vitu vyake anavyovipenda. Vijana wenye usonji wako kwenye hatari kubwa zaidi ya hilo kuliko wenzao, na wao mara nyingi wanalisema kwa sauti kavu isiyo na machozi, kiasi kwamba msikilizaji anadhani ni maneno tu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, mtu awe naye muda wote na afikishwe hospitali siku hiyohiyo, wewe ukiwa njiani.